Bibi wa Chini ya Chungu

Harufu ile iliingia kwa chini ya mlango bila hata kubisha hodi. Ilikuwa jioni ya mwanzo wa baridi, miaka ya tisini, katika jengo letu la matofali mekundu mjini Saint Paul, na mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne niliyelala kifudifudi sakafuni nikichora. Ilikuwa harufu nzito, ya chumvichumvi, yenye zizi ndani yake na soksi kidogo. Mama, ambaye ndiyo kwanza avue viatu vya kazi, alinusa, akanitazama miguu. Nikamwonyesha soksi zangu, safi kabisa. Akanusa tena, akasema kuna panya kafia ukutani. Baba, aliyekuwa mezani nyuma ya vitabu vyake, akasema hakuna cha panya, hilo ni bomba la maji machafu, na mwenye nyumba aitwe. Ndipo Bibi, mama yake Mama, alipotoa kichwa kwenye mlango wa chumba chetu, mdogo wangu Eliya yuko mgongoni, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Akavuta pumzi ndefu, akasema, "Maziwa." Kisha akarudi chumbani na kufunga mlango. Ndilo neno pekee alilolitoa kwa hiari yake siku ile.

Bibi alikuwa amekuja kutoka Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakati majani ya miti ya Minnesota yanageuka rangi. Hakuja kutembea. Mama alikuwa akifanya kazi ya kuogesha na kugeuza wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee kule Roseville, na baada ya kuomba mpaka akachoka, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Eliya alikuwa bado wa kubebwa. Baba alikuwa anaandika tasnifu yake ya chuo kikuu, na mtu anayeandika tasnifu si mlezi, hata kama yumo ndani ya nyumba. Mtoto atalia mpaka sauti ikauke, yeye anatafuta tanbihi. Kwa hiyo Bibi akikaa, Mama anasoma. Bibi akirudi nyumbani, Mama anaacha chuo na kubaki akigeuza wazee mpaka naye awe mzee wa kugeuzwa. Hata mimi nililielewa jambo hilo, tena nililiogopa, maana nilimpenda Mama katika zile siku chache alizotoka darasani akiwa na wino vidoleni na macho yanang'aa. Na Bibi alikuwa hataki kula.

Alikuwa hataki kwa upole, na hilo ndilo lililomtesa Mama. Mtu akikataa chakula kwa hasira unaweza kugombana naye. Bibi alisema tu, "Nimeshiba, mwanangu," huku mifupa ya mabega ikitokeza kwenye kanga. Mama alipika makande, akapika ndizi, akasonga ugali kwa unga alioutafuta mji mzima. Chakula kikitengwa mezani, Bibi alikuwa na udhuru: mtoto analia, mgongo unauma, anasali. Akipelekewa sahani chumbani, ilirudi imeguswa pembeni tu, maana kwake yeye anayekula pale anapolala ni mgonjwa au mzazi mwenye kichanga, na yeye hakuwa mmoja wao. Mama akaamua kwamba kosa ni la maziwa. Nyumbani Bibi alikuwa na ng'ombe wake, na vibuyu alivyovisafisha kwa vijinga vya mzeituni wa porini, vikatoa mgando wenye harufu ya moshi. Hapa tulikuwa na maziwa ya kwenye dumu la plastiki. Bibi aliyaonja siku ya kwanza, akayashika mdomoni, akameza kwa heshima, akasema, "Haya maziwa yamefuliwa." Tangu hapo alikunywa chai ya rangi.

Turudi kwenye harufu. Mama alivaa viatu tena, akanishika mkono, tukaifuata ile harufu mpaka kwenye mlango wa pili yetu. Aliyefungua alikuwa mwanamke mzee, mrefu, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa na kuzungushwa kichwani, na mkononi alikuwa na kisu kipana kinachodondosha kitu cha manjano. Mama alikuwa amejiandaa kuuliza habari za panya. Kabla hajafungua kinywa tumeshavutwa ndani, tumeshakalishwa, na mbele yetu pana viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Pembeni ya jiko la umeme ilisimama nusu ya jibini kubwa, uso wake umeelekezwa kwenye moto mpaka ukalainika na kuanza kutoa jasho. Yule mama akaukwangua kwa kisu chake, jibini likateremka juu ya kiazi changu taratibu, likajikunja ukingoni mwa sahani. Nikatia mdomoni. Loo! Nimekula vyakula vingi tangu siku ile, na vingine nimevila katika hoteli zenye vitambaa vyeupe, lakini bado sijakutana na kitu kilichonifanya nisahau jina langu namna ile. Mama alikula viwili, akasahau kabisa suala la panya.

Jina lake lilikuwa Verena, na kwa kuwa sisi hatuwezi kumwita mtu mzima kwa jina kavu, akawa Mama Verena. Alizaliwa katika kijiji cha milimani, Uswisi, akaja Amerika akiwa bibi harusi wa mtengeneza jibini huko Wisconsin, ambako Waswisi wengi walikwenda na ng'ombe wao na kengele zao. Mumewe alipofariki alihamia Saint Paul, na alichohama nacho, nadhani, ni rafu ya jibini na viti vinne. Baba alipopata habari zake alimwita "mama chizi", kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyesema jibini, tulisema chizi, na chizi kwa vijana wa Tanzania ni mtu asiye timamu. Alicheka peke yake kwa mzaha wake huo majira yote.

Kuanzia siku iliyofuata nilikuwa nikitoka shule nampitia Bibi na Eliya, tunavuka korido na kuingia kwa Mama Verena. Mwanzoni Bibi alikwenda kwa ajili ya ile harufu tu. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, na Mungu anajua nilikuwa mkalimani wa namna gani. Nilikuwa nasikia Kiswahili chote lakini najibu Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Mama aliponikaripia kwa Kiswahili nilijitetea kwa Kiingereza, tukaelewana vizuri tu. Sasa nilikuwa kati ya wanawake wawili ambao kila mmoja alikuwa na maisha mazima ya maziwa kichwani, na maneno yote yalitakiwa kupita kwenye mdomo wangu. Mama Verena aliposema kwamba maziwa hugandishwa kwa dawa inayotoka kwenye tumbo la ndama, nilikwama, nikashika tumbo langu, nikalia kama ndama. Bibi akaelewa hapo hapo. Akauliza ndama wa umri gani. Nilishangaa sana kuona swali kama hilo linapata jibu.

Usione vyaelea, vimeundwa, na mimi ndiyo kwanza niambiwe jinsi jibini lilivyoundwa. Mama Verena alitusimulia kwamba mwezi wa sita, nyasi za juu zinapoota, kijiji chote kilipandisha ng'ombe mlimani, wamevishwa maua, na ng'ombe mwenye heshima ndiye aliyetangulia na kengele kubwa kuliko wote. Huko juu waliishi kwenye kibanda cha mbao mpaka baridi irudi, wakikoroga maziwa kwenye sufuria ya shaba ambayo mtoto angeweza kuogea ndani yake, juu ya moto wa kuni. Kila familia ilipata jibini kulingana na maziwa ya ng'ombe wake, na ng'ombe waliposhuka tena watu walisimama njiani kuwapokea. Bibi alisikiliza hayo yote bila kukatiza. Kisha akaniambia nimuulize kama ng'ombe wao walikuwa na majina. Mama Verena akataja ng'ombe wa baba yake mmoja mmoja, akikunja vidole. Bibi naye akataja wake kwa Kimeru, akanifasiria: Madoa, Pembe Moja, Mama wa Asubuhi. Kila mmoja alikuwa ametaja na waliokufa.

Na jibini zenyewe! Kulikuwa na Emmental lenye mashimo, ambalo mimi niliuliza kama limetobolewa na panya, nikachekwa na wote wawili. Kulikuwa na Sbrinz, gumu la kukatwa vipande vyembamba vinavyojikunja, la kumung'unya taratibu ukiwa unaangalia theluji dirishani. Kulikuwa na Gruyere, ambalo Mama Verena alilisifu kwa sauti ya chini, kama mtu anavyomsifu mtoto wake mbele ya wageni. Na kulikuwa na kile kijibini cha kwao hasa, kigumu, cha kijani, chenye umbo la kifuu kidogo, kinachotengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa malai na kutiwa majani makali yaliyosagwa. Alikikwaruza, unga wa kijani ukaanguka kwenye karatasi, akamsogezea Bibi. Bibi akatazama ule unga. Akachota kwa vidole viwili, akauvuta puani. Alipiga chafya mpaka Eliya akaamka analia. Kwao Arumeru wanawake wazee wanavuta ugoro, na ugoro ndivyo unavyokaribishwa, hauulizwi. Mama Verena hakucheka. Akachota naye, akavuta, akapiga chafya ya pili, kisha akatafuta mkate na siagi akamwonyesha Bibi kwamba unaweza pia kuliwa. Nilimpenda tangu hapo.

Jumamosi alioka mkate uliosukwa kama kichwa changu, laini kwa siagi, akatupa pamoja na malai yaliyopigwa. Siku moja alitushusha kwenye ghala la chini ya jengo, ambako aliweka magurudumu madogo ya jibini juu ya ubao. Kila jioni aliyapangusa kwa maji ya chumvi na kuyageuza, upande wa juu ukawa wa chini. Mama alikuwa na sisi siku hiyo. Akacheka mpaka akashika ukuta: kumbe na jibini nalo linageuzwa lisipate vidonda vya mgongoni, kama wazee wake wa Roseville! Nikalitafsiri hilo kwa shida, na Mama Verena akasema ndivyo hasa, kitu kikiachwa kilale upande mmoja kinaharibika.

Ila nilikuwa nimeona jambo. Kwa Mama Verena, Bibi alikuwa anakula. Si sana, maana alikuwa mgeni na mgeni ana kiasi, lakini kipande alichopewa alikimaliza. Nilimwambia Mama, na Mama akafurahi, akaona dawa imepatikana: Bibi anataka jibini. Akapita kwenye maduka ya Roseville akarudi na jibini la kila aina, hata yale mapande ya rangi ya chungwa yaliyofungwa moja moja kwa plastiki. Yakatandazwa mezani, Baba akasogeza vitabu, Bibi akaitwa. Akasema ameshiba. Mama akafikiri ni kwa sababu si jibini la Kiswisi. Akaomba kwa Mama Verena kipande kile kile alichokuwa akikikata kwa ajili ya Bibi, mkate ule ule, hata ubao ule ule wa kukatia, akaviweka mezani kwetu. Bibi alivitazama kutoka mlangoni, akavuta kanga usoni, akarudi kwa Eliya. Basi Mama akakaa chini akalia. Baba alimwambia labda ni baridi. Baba aliamini baridi inasababisha kila kitu.

Asiyejua maana haambiwi maana. Tungeweza kumruhusu Bibi awe anakula kwa jirani kila siku, lakini Mama alikataa kabisa. Mama yake mzazi asafiri kutoka Arumeru kuja kwa binti yake, halafu ashibishwe na mtu baki? Habari kama hizo zinafika Arusha haraka kuliko simu. Alisema kama ameshindwa kumlisha mama yake basi amrudishe kwao akiwa bado anaweza kutembea, na chuo kitangoja au kitaondoka. Hakusema kwa hasira. Alisema akiwa anakunja nguo za Eliya, anazinyoosha moja moja juu ya goti. Baba akasema atauliza habari za tiketi Jumatatu. Usiku ule niliona Mama amefunga vitabu vyake vya uuguzi kwa mpira na kuviweka juu ya kabati, na nikaumia kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu.

Nilimweleza Mama Verena yote, kwa Kiingereza changu chepesi. Alinisikiliza huku akipangusa ubao wake. Kisha akasema Jumamosi tuje wote, mpaka Baba, atapika chakula cha kwao ambacho hakiliwi na mtu mmoja.

Tulikwenda. Mezani palikuwa na chungu cha udongo juu ya taa ndogo ya moto. Alikuwa amesugua ndani yake kwa kitunguu saumu, akayeyusha jibini za aina mbili kwa maji ya tofaa yaliyochachuka kidogo, badala ya mvinyo, kwa kuwa alijua jinsi Biblia ya Mama ilivyokaa mahali pa heshima nyumbani kwetu. Kila mtu alipewa uma mrefu na vipande vya mkate. Unachoma mkate kwa uma, unauzamisha, unakoroga kwa kupinda huku na kule, unautoa ukiwa na nyuzi ndefu. Mkate wako ukizamia, adhabu yako ni kuimba. Baba alizamisha wa kwanza. Aliimba wimbo wa shule ya msingi ya kwao Muheza, wote na beti zake, na nadhani ndiyo siku ya kwanza nilimwona Baba kama mtu aliyewahi kuwa mtoto. Mama alikula akijilazimisha kutabasamu. Bibi alikaa kwenye kiti cha dirishani, mbali na meza, Eliya mapajani, mgongo umegeuzwa nusu. Mama Verena alimkaribisha, nikatafsiri. Bibi akasema ameshiba. Akamkaribisha tena. Ameshiba. Mama akaweka uma wake chini.

Chungu kikaanza kuisha. Mama Verena akapunguza moto, akaacha masalia yashike chini kabisa, akainama kuangalia kama mtu anayesubiri yai lianguliwe. Kisha akasema, kwa Kiingereza chake cha milimani, kwamba sasa zamu ya bibi imefika. Ndivyo wanavyouita kwao ule ukoko wa jibini unaobaki chini ya chungu: bibi. Kila mtu anautaka, na hupewa yule anayeheshimiwa. Lakini hayo yote aliyasema baadaye. Wakati ule alisema neno lile tu, akachukua kisu, akanitazama nitafsiri. Mimi nikageukia dirishani, nikatafsiri neno na kisu kwa pamoja. "Bibi," nikasema, "anasema kuna bibi chini ya chungu. Sasa tutamkwangua, tumle."

Bibi alitazama chungu. Akanitazama mimi. Kitu kikaanza kutikisika chini ya kanga yake, nikadhani analia, kumbe ni kicheko, kicheko kilichokuwa kimefungiwa tangu uwanja wa ndege. Kilimtoka mpaka akafuta macho kwa pindo la kanga. Na akiwa bado anacheka, bila kumtazama mtu, akasema, "Mwambie mwenzangu, huyo bibi yake ana adabu. Amejikalia chini kimya, anangoja mkwe amalize kula."

Sikuwahi kulitafsiri hilo, kwa sababu sote tulimgeukia Baba. Uma wa Baba ulikuwa njiani kuelekea mdomoni, na mkate juu yake. Aliutazama ule mkate. Kwao Muheza mkwe ni mkwe na chakula ni chakula. Kwa wazee wa kwao Bibi, mama mkwe hali mbele ya mume wa binti yake, wala mkwe hamtazami mama mkwe akitafuna. Ni aibu ambayo haina haja ya kuelezwa, kama isivyoelezwa kwa nini mtu havui nguo sokoni. Mama alilijua jambo hilo, lakini alikwenda shule ya bweni akiwa mdogo, akaamini mambo hayo yamekwisha. Na nyumbani kwetu jiko, meza na sebule vilikuwa chumba kimoja, na Baba na tasnifu yake walikuwa mezani pale asubuhi mpaka usiku. Bibi angesemaje? Amwambie mkwe wake ahame nyumbani kwake ili mgeni ale? Wanasema njaa haina adabu. Bibi alikuwa na njaa na adabu pamoja, na adabu ilikuwa inashinda.

Baba aliweka uma chini polepole. Alikuwa msomi, si mjinga. Akasimama, akavaa koti lake, macho kayaelekeza kwenye zulia. "Nisamehe, Mama. Sikujua," alimwambia Bibi. Kisha akaongeza kwa sauti ya kawaida, kwamba anakwenda kuangalia gari kama limefunikwa na theluji. Tulikuwa tunaliona gari kutoka dirishani pale, na halikuwa na theluji. Mlango ulipofungwa, Bibi alimkabidhi Mama mtoto, akaja mezani, akavuta kiti. Mama Verena alibandua ukoko wote mzima, wa kahawia, mkavu ukingoni na laini katikati, akauweka kwenye sahani yake. Bibi aliula wote. Alitafuna taratibu, kelele za ule ukoko zinasikika, na Mama amesimama nyuma ya kiti chake na Eliya begani, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Mama Verena alikata mkate mwingine na kubandika chungu cha pili.

Kuanzia Jumapili nyumba ikapangwa upya. Chakula kikiiva, Baba alichukua sahani yake, akavuka korido, akaenda kula kwa Mama Verena, na Bibi akakaa mezani kwetu kama mwenye nyumba. Jambo hilo halikujadiliwa hata mara moja. Bibi akarudisha mashavu yake, lakini aliyenenepa kweli majira yale ni Baba, kwa sababu huko alikokwenda sahani yake ilirundikiwa viazi na jibini juu ya ugali wetu. Vitabu vya Mama vilishuka kabatini. Bibi naye akaanza kupika: aligandisha maziwa kwenye mtungi wa Mama Verena, akachemsha mahindi na ndizi, akachanganya, akatengeneza loshoro, chakula cha kwao. Mama Verena akala sahani mbili, akauliza kwa nini Waswisi hawakuwahi kufikiria kitu kama hicho. Na mimi, kwa kukaa katikati yao baridi nzima, nikajikuta siku moja nimemjibu Mama kwa Kiswahili bila kujua. Aliendelea na alichokuwa akifanya, asinitishe. Kiswahili hiki ninachowaandikia nacho nilikipata kwenye meza ile, kina chumvi ya jibini.

Theluji ilipoyeyuka Bibi akarudi kwa ng'ombe wake. Mama alikuwa ameshavuka mitihani ya mwanzo, na Eliya anatembea, mchana akibaki kwa Mama Verena. Kule uwanja wa ndege wale wazee wawili walisimama wameshikana mikono bila mkalimani, na mimi sikuitwa. Hawakuonana tena. Wote wawili ni marehemu sasa, mmoja amelala chini ya Mlima Meru na mwingine Wisconsin kando ya mumewe.

Siku hizi naishi Apple Valley, nje kidogo ya mji, katika nyumba yenye jiko kubwa kuliko ile nyumba yetu nzima ya Saint Paul. Jibini la Kiswisi linauzwa kila mahali, limekatwa, limepimwa, limefungwa, halinuki. Hakuna jirani aliyewahi kuja kuniuliza habari za panya. Tuna vyumba vya kutosha kila mtu kula anapotaka, na mara nyingi ndivyo tunavyofanya, huyu na simu yake, yule na yake. Sidai zamani palikuwa peponi. Korido ile ilikuwa na baridi na harufu ya mazulia. Lakini tulikuwa tunajua nani hajala.

Baridi hii Mama amekuja kukaa nasi. Aliuguza watu maisha yake yote, akastaafu, na sasa amepungua, mabega yake yanatokeza kwenye sweta kwa namna niliyowahi kuiona. Yeye hana mambo ya mkwe. Anakaa meza moja na mume wangu, Mmarekani mzaliwa wa Inver Grove Heights, wanabishana habari za timu za mpira. Ila chakula anakigusa pembeni, na anasema ameshiba. Jumamosi iliyopita nilitoa chungu cha udongo alichoniachia Mama Verena, nikakisugua kwa kitunguu saumu. Watoto wangu, ambao wananisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, walizamisha mikate makusudi ili waimbe. Mama alikula vipande viwili, akasogeza sahani. Masalia yakaanza kushika chini, binti yangu akapiga kelele kwamba bibi amekaribia, maana hilo kwao ndilo jina la ule ukoko, hawajui lingine.

Mume wangu alimtazama Mama, halafu akanitazama mimi. Nimemsimulia habari hii mara nyingi, na siku zote nilidhani ananisikiliza kwa sikio moja. Akasimama, akachukua koti lake msumarini. "Naenda kuangalia gari," akasema kwa Kiswahili chake cha kuhesabika, akatoka. Gari lilikuwa ndani ya banda lake pembeni ya nyumba, na mlango wa banda umefungwa. Mama alikaa kwa muda mrefu akiutazama mlango aliotokea mume wangu. Halafu akavuta chungu mbele yake, akaniomba kisu.

"Huyo amelelewa," akasema, akaanza kukwangua.